Kilo Sitini na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa karani mpimaji wa kahawa katika chama chetu cha msingi cha ushirika hapa Kamuli, na muda wote huo hakuna mkulima aliyewahi kunipitishia kahawa yenye maji akaondoka anacheka. Wamejaribu sana. Wengine huinyunyizia maji jioni ili asubuhi iwe nzito. Wengine huweka kavu juu na mbichi chini. Mimi natia mkono kwenye gunia mpaka kwapani, nachota kiganja kutoka chini kabisa, naitikisa karibu na sikio. Kahawa kavu hulia ndani ya ganda lake, mbichi hukaa kimya. Ikikaa kimya namwambia mwenyewe arudi akaianike, hata kama ni shemeji yangu, na ndiyo maana nina mashemeji wawili ambao hatusalimiani.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyedanganywa. Kwa miezi minane nilipanda mizani ya hospitali mara mbili kwa wiki, mizani ikasema kilo sitini na mbili, na mimi ambaye maisha yangu yote sijawahi kuiamini mizani peke yake, nikaiamini. Sasa nimepata nafuu ya kutosha kushika kalamu, lakini hasira sijaimaliza na sina haraka ya kuimaliza. Nakuandikia wewe uliyeambiwa figo zako hazifanyi kazi tena, unayekaa kwenye benchi kusubiri zamu ya mashine. Nakuandikia zaidi wewe unayempikia.

Figo zangu ziliuawa na presha, ambayo niliijua na nikaidharau. Zilipoanza kuchoka, kabla hata ya habari za mashine, daktari wa kliniki alinipa karatasi ya chakula. Punguza nyama. Punguza mayai, maziwa na maharage. Usile ndizi. Mke wangu Jenerosa aliisoma mara mbili, akaibandika kwa ugali kwenye ukuta wa jikoni, juu kidogo ya mafiga. Jenerosa ni mwanakwaya wa Kilutheri, na kwake kilichoandikwa kimeandikwa.

Mtu wa pwani anaweza kuisoma karatasi ile asione tatizo. Lakini huku kwetu ukimwambia mtu asile ndizi umemwambia asile. Unaweza kula sahani mbili za wali, na bado ukiulizwa kama umekula utajibu kwamba hapana, umeonjaonja tu. Ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage ndicho chakula, vingine ni vya kusindikizia. Nikawa napikiwa wali mweupe na mchicha uliochemshwa mpaka ukasahau jina lake. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikaanza kununa, kisha nikaanza kufoka. Jenerosa aliendelea kupika. Aliacha kula ndizi mbele yangu, nikadhani amejinyima kwa upendo, mpaka mchana mmoja nilipokatiza kwa jirani nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba na sahani ya ebitoke mapajani. Tulitazamana. Nikamwambia kwamba angalau angenikaribisha. Nilisema vibaya, na niliona jinsi alivyoiweka sahani chini bila kumaliza.

Kahawa zilipoanza kuiva mwaka huo, figo zikagoma kabisa, nikaanzishiwa mashine ya kusafisha damu. Hospitali yenye mashine iko mbali na Kamuli. Kila siku ya kuamkia mashine mimi na Jenerosa tulilala kwa dada yangu anayeishi Kayanga ili tuwahi, na tulipofika tulikuta benchi limeshajaa. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Ni la mbao, lina msumari uliochomoza upande wa dirishani, na mgonjwa mgeni ndiye hukalishwa pale.

Wiki ya kwanza muuguzi mkuu wa chumba cha mashine, mama mmoja mrefu tuliyemwita Sista, alinieleza kuhusu uzito. Alisema mwili wangu hautoi mkojo tena, kwa hiyo maji ninayokunywa yanabaki ndani mpaka mashine iyatoe. Uzito wangu bila maji ya ziada waliukadiria kuwa kilo sitini na mbili. Aliuita uzito mkavu. Kila nikimaliza mashine niondoke na sitini na mbili, na nikirudi nisiwe nimezidi sana. Neno hilo, mkavu, lilinifurahisha. Nilijiona nimefika kwa watu wa kazi yangu.

Sista alikuwa na desturi moja. Mgonjwa akipanda mizani amezidi, alitangaza kilo zake mbele ya benchi zima, kisha akamuuliza alikunywa mtungi wa nani. Watu wazima walishuka pale wakiangalia sakafu. Aliyenifundisha kukwepa aibu hiyo alikuwa Ma Paskazia, mgonjwa mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akiuza vitenge sokoni Nkwenda, mcheshi, mwenye mdomo usiotulia. Alininong'oneza kwamba siku ya kuamkia mashine yeye hali kitu. Kikombe cha chai, basi. Chakula nacho kina uzito, alisema, sasa ukibebe cha nini mpaka mizanini kwa Sista?

Nikaona akili. Tangu hapo, tukifika kwa dada yangu Kayanga, nilisema nimeshiba. Dada alikasirika mwanzoni, baadaye akaacha kuniwekea sahani. Niliporudi kutoka mashine nilikuwa nimechoka, chakula kinanuka chuma, napo sikula. Ukihesabu vizuri, katika siku saba nilikuwa nakula siku tatu, na hizo tatu ni wali na mchicha wa ile karatasi. Lakini mizani ilinipenda. Nilikuja nimezidi kidogo tu, nikaondoka na sitini na mbili zangu. Sista akawa ananionyesha kwa wagonjwa wapya. Akasema mtazameni Karani, huyu ni mgonjwa wa mfano. Nami nilikaa wima kwenye benchi kama mtu aliyepewa uenyekiti.

Mwili ulikuwa unaniambia, ila sikuwa nausikiliza. Saa yangu ya mkononi ilianza kuteremka, ukinyoosha mkono juu inafika kwenye kiwiko. Soksi nazo zilikuwa zinaniacha na mifereji miguuni. Nilifunga suruali kwa kamba, na viatu hivyohivyo vikanibana. Usiku nililalia mito mitatu maana nikilala chali pumzi inakata. Uso ukajaa. Mashavu yaling'aa, na mashavu ndiyo watu wa kwetu huangalia.

Walikuja kunijulia hali, wakakaribishwa kahawa ya kutafuna kama ilivyo ada, na kila mmoja akitafuna alisema lilelile: Karani, umenawiri. Karani, mashine imekukubali. Wengine walisema nimependeza kuliko kabla sijaugua. Jenerosa alifurahi hata akatoa shukrani kanisani. Mchungaji akaniomba nisimame watu wanione. Nilisimama kwa kuvuta benchi la mbele kwa mikono yote miwili, na watu wakapiga makofi. Hadi leo nikikumbuka makofi yale damu inanichemka.

Wakati wa senene, mwezi wa kumi na moja, Ma Paskazia alifariki. Alhamisi alikuwa anatutania kwenye benchi, Jumapili tukapigiwa simu. Tulikwenda kuzika Nkwenda, mimi nikiwa nimekalishwa kwenye kiti karibu na jeneza kwa sababu ya ugonjwa wangu. Tuliporudi, Jenerosa aliniambia maneno aliyoyasikia kwa mkwe wa marehemu, aliyesaidia kumwosha. Alisema usoni na miguuni mama alikuwa amejaa, lakini mapajani na mabegani hakukuwa na kitu, ni ngozi juu ya mfupa. Alishangaa, kwani kadi ya hospitali ilionyesha mama hakupungua hata kilo moja. Miaka kumi na tisa natia mkono kwenye magunia ya watu, na siku hiyo nilikaa na habari ile mapajani mwangu safari nzima na sikuitikisa.

Mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, tulimkuta dada mgeni pale chumba cha mashine. Mfupi, ana sauti ya kukata, akajitambulisha kwamba anaitwa Wankuru, afisa lishe, kwao Tarime. Alisema ataongea na kila mgonjwa baada ya mashine. Sista akamwambia aanze na wenye matatizo, Karani amwache, kadi yake ni safi. Wankuru akachukua kadi yangu, akaifunga bila kuisoma, akaiweka dirishani.

"Shikamoo mzee," alisema. "Kunja mikono kifuani. Haya, simama."

Nilicheka kidogo. Nikakunja mikono, nikajiinua. Makalio yalinyanyuka kiasi cha upana wa kiganja, mapaja yakatetemeka, nikarudi chini kwa kishindo. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Nina miaka hamsini na mitatu, gunia la kahawa nilikuwa nalibeba mwenyewe mpaka ghalani, na pale nimeshindwa kubeba makalio yangu.

Hakunitania wala kunipa pole. Alivuta utepe akauzungusha kwenye mkono wangu usiochomwa sindano za mashine, akaandika. Akabana ngozi ya nyuma ya mkono kwa kikoleo cha plastiki, akaandika. Akanipa chuma cha kubana kwa kiganja chenye mshale wa kuonyesha nguvu, nikabana kwa meno yote, mshale ukasogea kidogo kwa aibu. Mwisho akainama, akabonyeza kidole gumba kwenye ugoko wangu. Alipokitoa, shimo lilibaki. Tulilitazama wote watatu, mimi, yeye na Jenerosa, na halikuwa na haraka ya kujaa.

"Jana ulikula nini?"

"Sikula," nikajibu, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno. "Nisije nikazidi."

Alikunja utepe wake. Kisha akasema polepole kwamba nyama za mwili wangu zimeliwa, na palipokuwa na nyama pameingia maji. Kinachotoka na kinachoingia vinalingana, kwa hiyo mizani haioni tofauti. Sitini na mbili za mwezi wa tano zilikuwa mtu. Sitini na mbili za leo ni mtu mdogo na ndoo ya maji.

Hakuhitaji kuendelea. Kahawa kavu imechotwa, maji yamenyunyiziwa, mizani inasema sawasawa, na karani anaandika kwenye daftari huku anatabasamu. Nikamgeukia Sista nikamuuliza ni mara ngapi kwa miezi minane amenipandisha pale, na ni mara ngapi amenishika mkono kuona kama una nyama. Akajibu kwamba kazi yake ni maji, mambo ya chakula yana mtu wake, na mtu huyo hakuwapo. Alisema kweli, alikuwa akihudumia chumba kizima na msaidizi mmoja. Nikamwambia kwamba hata Ma Paskazia kadi yake ilikuwa safi. Akageukia mashine zake. Nilimwonea huruma baadaye, lakini siku ile hapana, na nisingependa kudanganya.

Wankuru akamuuliza Jenerosa huwa ananipikia nini. Jenerosa akasimama kama yuko mbele ya wanakwaya wenzake, akaikariri ile karatasi ya ukutani kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kukosea. Wankuru aliweka kalamu chini.

"Mama, hiyo ni ya mtu ambaye hajaanza mashine. Akianza, mambo yanageuka. Mashine inaondoka na sehemu ya chakula chake kila anapolala pale. Anatakiwa ale mayai, samaki, nyama. Ale kila siku. Hata siku ya kuamkia mashine, na hasa siku hiyo."

"Mbona hakuna aliyeniambia?" Jenerosa aliuliza.

Tulipewa karatasi moja, hatukupewa ya pili, na katikati ya karatasi hizo mbili Ma Paskazia yuko kaburini. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa hasira. Hatukukosa dawa, wala hatukukosa mashine. Tulikosa mtu wa kusema maneno ambayo Wankuru aliyasema kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi.

Jenerosa alimsogezea karatasi nyeupe. "Andika, waitu," alimsihi. "Na ugonge muhuri." Alihofia kwamba ukutani kwake maneno ya mdomo hayataweza kuiondoa karatasi ya hospitali. Wankuru aliandika, akaenda kutafuta muhuri, akagonga. Nje, chini ya paa la bati, mke wangu alikaa kwenye ngazi akaniambia kwamba miezi minane amekuwa akiniua kwa mikono yake. Nilimwambia aache upuuzi. Nikamwambia pia anisamehe kwa ile sahani ya kwa jirani. Alilia, nami nililia, na bado tulikuwa na hasira, kila mmoja na ya kwake.

Sitaki udhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Daktari aliushusha uzito mkavu kidogokidogo, kila mashine inavuta maji zaidi. Misuli michache iliyobaki ilikaza mpaka nikapiga kelele. Maji yalipotoka, ndipo ilipoonekana hali yangu halisi: mashavu yameingia ndani, mabega kama henga ya nguo. Kilo hamsini na nne. Walewale waliotafuna kahawa na kunisifu wakarudi, safari hii wakinong'ona uani. Karani amekwisha. Wale wa hospitali wamemharibu, mwaka jana alikuwa ameanza kunawiri. Mmoja alimshauri Jenerosa anihamishe haraka. Nikamwita ndani nikamwambia kwamba mwaka jana nilikuwa nakufa, na yeye alikuwa anashangilia. Aliondoka bila kuaga.

Jenerosa aliibandua karatasi ya kwanza, akabandika yenye muhuri palepale. Asubuhi yai, au mawili, siku nyingine ute mtupu. Mchana samaki. Nilikula huku sitaki, maana tumbo lilikuwa limesahau kazi, naye alikaa mbele yangu mpaka nimeze. Na ndizi nazo zikarudi, kwa masharti: Wankuru aliangalia vipimo vyangu vya damu, akaniruhusu vidole viwili vya ndizi kwa wiki, vikatwe vidogo, viloweshwe, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Usiige hapo, muulize wa kwako kwanza, kwa sababu damu yangu si yako. Siku Jenerosa alipomwaga maji yale ya ndizi uani, jirani alishika kichwa, maana kwetu mchuzi wa ndizi haumwagwi. Nilikula vile vipande visivyo na ladha kubwa, nikafumba macho. Sijawahi kula karamu kama ile.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikajaribu kusimama mikono imekunjwa. Mwezi wa pili sikuweza. Mwezi wa tatu mvua zilipoanza niliweza kwa mkono mmoja. Siku niliyosimama bila mkono wowote nilimwita Jenerosa aje aone, nikakaa ili nirudie mbele yake, nikashindwa, tukacheka mpaka akashika ukuta. Kahawa zilipoiva tena nilikuwa na kilo hamsini na saba, nyama tupu, na nikarudi kwenye mizani ya chama. Gunia silibebi tena. Mkono bado unafika chini.

Wiki iliyopita, kwenye benchi, upande wa msumari, alikaa mama mmoja mgeni na mumewe, watu wa Kimuli, amehamishiwa kwetu kutoka mashine za hospitali nyingine. Mama ana mashavu yanayong'aa. Sista alimpandisha mizani, akamsifia kwamba uzito wake haujayumba tangu aanze, mumewe akatabasamu, akanigeukia.

"Unaona, mzee? Ameanza kunawiri."

Nikamuuliza mama kama ile pete yake inatoka kidoleni. Alijaribu, ikakataa. Kisha nikamuuliza mumewe jana mama alikula nini.

"Jana?" alisema yule bwana, na sauti yake ilikuwa ileile yangu ya mwezi wa kwanza, yenye majivuno. "Jana hakugusa kitu. Tunajitahidi sana asizidi."

Nilikunja mikono kifuani, nikasimama, nikaenda kugonga mlango wa Wankuru.